Wakili Mwenye Mkia

Ibra, Omani, mwezi wa Shaaban

Da Salama, dada yangu,

Shikamoo. Nakushika miguu kwa huku huku mbali. Presha vipi? Dawa unakunywa, au umeshaanza tena kusema umepona? Na shemegi Faki, mguu umekaa sawa? Mie mzima, alhamdulillahi. Goti la kulia linauma nikipanda, nikishuka halina neno. Joto limepungua, baada ya laasiri mtu anaweza kukaa nje. Tende zishavunwa.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule mke wa mwalimu. Umeniuliza nakaa huku kwa nani, maadam wifi yako keshatangulia na mtoto hatukujaaliwa. Ukasema nirudi Wete, kwa sababu huku mie si mtu wa kuhesabiwa. Neno hilo liliniuma. Nilikaa nalo sikulijibu. Leo nalijibu.

Nimehesabiwa, dada. Na Seif kashinda.

Seif ni mtoto wa Bi Zuweina, wale wa Malindi ya Unguja, waliokuja huku yeye yuko mgongoni. Ndiye yule wakili aliyenisimamia mahkamani, binamu wa marehemu mke wangu alipotaka kunitoa nyumbani na arubaini haijesha. Nilikwandikia wakati ule. Nyumba nimenunua mie, karatasi ina jina langu, lakini yule binamu ana watu wakubwa nyuma yake. Mawakili wawili walinambia nenda kapatane naye. Seif akanambia lete karatasi. Basi. Ndani ya nyumba hiyo ndimo ninamokwandikia.

Sasa huku kuna Majlis Shura. Kila wilaya inapeleka mtu Maskati awasemee. Zamani wakipiga kura wachache waliotajwa. Mara hii wakasema sote, wanaume na wanawake, ilmuradi weye raia, umetimiza umri na umejiandikisha. Nikenda kujiandikisha na kanzu ya Idi. Mara ya kwanza maishani mwangu kuulizwa namtaka nani.

Seif akasema anasimama. Wazee wa ukoo wao hawakutaka. Wao walishakubaliana mtu wao, yule mwenye duka kubwa la saruji. Huku mtu hasimami hivi hivi. Wazee wanakaa, wanakubaliana, kisha ukoo wote unafuata. Seif hakuuliza mtu. Kwa hivyo wakamwita kwenye sabla, ile nyumba yao ya kukutania.

Mie siku hiyo nilikuwa na kibarua pale pale mlangoni, natengeneza ngazi, saruji mkononi. Hawakunitazama. Nikasikia yote. Walianza kwa upole, wakamwambia yeye bado kijana, zamu yake itakuja. Wakamwambia amesoma Misri lakini adabu ya Ibra kaisahau. Mmoja akamuuliza nani kampa ruhusa.

Seif alikuwa kakaa chini kama wengine, kikombe cha kahawa mkononi. Akasema, "Baba zangu, nawaheshimu. Lakini nikiingia kwa kupewa ruhusa, nitasema kwa kupewa ruhusa."

Akatikisa kikombe, yaani basi imetosha, akampa mwenye dele la kahawa, akatoka. Akaruka ngazi yangu mbichi asiiharibu. Akanambia, "Kazi nzuri, ami Khamis."

Nikasema huyu lazima aingie. Nikajua vile vile kuwa akishindwa, hapa mjini atakuwa keshakwisha. Nani atampelekea kesi mtu aliyegombana na ukoo mzima na kisha akaanguka?

Mabango ukutani hayaruhusiwi, mikutano hakuna. Ni mdomo tu. Bi Zuweina akaniita akanambia, "Khamis, weye uko falajini kila siku, watu wote wanapita pale. Sema nao."

Falaji ni ule mfereji wa maji unaokuja kwa chini kutoka jabalini mpaka mashambani. Kazi yangu bado ni hiyo. Nashuka na kamba ndani ya shimo natoa tope.

Basi nikasema nao. Kiarabu changu unakijua, ni cha kufanyia kazi. Marehemu akinicheka mpaka machozi. Akinambia, Khamis, Kiarabu chako siku moja kitakuponza. Mie simjali, nasema tu.

Kila anayekuja kutawadha au kuosha vyombo nikamwambia mchague wakili, wakili mtu safi, wakili hamwogopi mtu. Wengine wakatikisa kichwa. Wengine wakanitazama vibaya. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwenyewe anajua kama unamsemea?"

Nikamwambia anajua, na mama yake anajua.

"Mama yake si amekufa?"

Nikamwambia yu hai, jana tu kanipa sambusa.

Akasema la ilaha illallah, akachukua viatu vyake akenda zake. Mie nikaona mzee huyu akili zimeanza kuchoka.

Dada, akili zilizochoka ni zangu. Miaka yote hii niko huku na nimesahau. Sisi mtu wa mahkamani tunamwita wakili. Wao wanamwita muhami. Wakil kwao ni mwangalizi wa falaji, yule anayegawa maji na kuandika zamu. Na wakil wa falaji yetu ni Abdalla, bosi wangu. Mkali, hacheki, mama yake kafa zamani. Siku nne mie niko falajini nawaambia watu wamchague Abdalla.

Wazee wakasikia. Wakamwita Abdalla kwenye sabla wakamgombeza mbele ya watu. Yeye hana habari ya kitu.

Asubuhi yake niko chini shimoni, nikasikia kamba inavutwa, na ndoo haijajaa. Nikatoka juu na tope mpaka masikioni. Abdalla kasimama na fimbo yake. Watu kama kumi nyuma yake.

"Khamis," akanambia, "umenipa cheo bila kuniuliza."

Nikamwambia cheo gani.

"Mji mzima unasema nagombea. Wazee wamenikalisha kama mtoto wa chuo cha Kurani. Na mama yangu umemfufua, unakula sambusa zake."

Watu wakainama kuficha meno. Nikaanza kufahamu. Akanambia niweke jembe chini, kazi yangu hapa imekwisha, na niende kwa huyo anayenipa sambusa akanipe na kazi.

Umri wangu huu, na goti hili, nani ataniandika kazi? Nikaweka jembe. Lakini sikuondoka. Nikamwambia, "Sikukusema wewe. Kwetu wakili ni mtu wa mahkamani. Muhami. Nilikuwa namsema Seif."

"Wakil?"

"Wakili."

"Wakil."

"Wakili. Mwisho ina i."

Akanitazama. "Yenu ina mkia," akasema.

Hapo watu walishindwa, wakacheka. Mmoja akakaa kabisa chini. Abdalla hakucheka. Akakaa juu ya jiwe, fimbo katikati ya miguu. Akaniuliza huyo Seif nini wamemwambia wazee. Nikamweleza nilivyosikia pale ngazini, neno kwa neno, kwa Kiarabu changu kibovu. Nikamweleza na alivyowajibu. Akanirudisha kwenye neno moja, ruhusa. Walisema ruhusa? Nikamwambia walisema nani kampa ruhusa.

Kisha akasema, hakusema na mimi, alisema na wale watu:

"Maji nawagawia mwaka wa kumi na nane. Tajiri kwa zamu yake, maskini kwa zamu yake. Hapana aliyenikuta na kosa. Jana wananiuliza, nani kakupa ruhusa? Sikuomba kitu, wao wameshaninyima."

Akasimama. Nikangoja. Akanambia, "Unasimama nini? Shuka, tope halijesha."

Nikashuka mbio, goti sikulisikia. Nikiwa kati ya kamba nikamsikia juu anawaambia, wallahi sasa nitamtafutia kura huyo wakil mwenye mkia.

Na alimtafutia. Kila mwenye zamu ya maji alipokuja, Abdalla alimfungulia maji na neno juu yake. Jina likashika. Sokoni, kwa kinyozi, kwenye duka la mafuta ya gari, watu wakiulizana, wako nani, wanajibu bu dheil, yaani mwenye mkia. Bi Zuweina alipolisikia alinuna siku nzima. Akanambia nimemzaa mwanangu hana mkia, Khamis. Seif mwenyewe akamwambia mwache, mama, jina hili halisahauliki.

Siku ya kura tulipigia skuli. Wanawake upande wao, wanaume upande wao. Nilikwenda mapema na Bi Zuweina na wenziwe watatu, wale bibi wa Kiunguja, kila mmoja na buibui lake na kitambulisho kakishika kwa mikono miwili. Wanazungumza Kiswahili kwa sauti, hawajali mtu. Mlangoni mtu akawaambia watulie, hapa si harusini. Bi Zuweina akamwambia, "Harusi nishaziona nyingi, mwanangu. Hii sijaiona."

Nikapewa karatasi. Majina nikayasoma kama ninavyosoma msahafu, kwa kidole, moja moja. Mtumishi wa pale akanambia, taratibu mzee, hakuna haraka. Nikatia alama. Nikaitazama. Nikaitia sandukuni.

Kisha nikakaa kivulini ukutani nikangoja, na moyo ukaanza kuanguka. Mabasi ya yule wa saruji yanakuja, yanashusha, yanarudi. Dhuhuri ikapita. Watu wa Seif ni hivi vikundi, mmoja, wawili. Seif kasimama ng'ambo peke yake, kilemba kimekaa upande. Nikampelekea maji. Akanambia, ami Khamis, ikiwa sikupata, ofisi ninayo. Lakini hakunitazama usoni.

Laasiri nikasikia mtu anasema, tazama, tazama njiani.

Abdalla anakuja kwa miguu, fimbo mkononi. Nyuma yake watu wa falaji, wote, wametoka mashambani na vumbi lao. Na safu wameipanga kwa zamu ya maji, wallahi sikutanii. Wa alfajiri mbele, wa magharibi nyuma. Mmoja alitaka kupita mbele, Abdalla akamzuia kwa fimbo, akamwambia zamu yako si sasa. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti pale mlangoni. Abdalla akawaamkia mmoja mmoja kwa adabu, kisha akaingia.

Nilisimama, dada. Sijui kwa nini nilisimama. Nilisimama tu.

Kesho yake asubuhi wakatangaza. Seif kashinda. Si kwa nyingi. Kura zilizozidi ungezitia ndani ya basi moja la yule wa saruji, na viti vingebaki.

Bi Zuweina akatoka nje akapiga vigelegele, vile vya kwetu, virefu. Ibra hawapigi hivyo njiani. Milango ikafunguka mtaa mzima. Kisha wakaanza na wao, kwa namna yao. Mie nilikuwa na bakuli la uji mkononi, nikalisahau, ukamwagika wote kwenye kanzu.

Jioni wazee wakaja kumpongeza. Ndivyo desturi ilivyo, nao si watu wabaya. Seif mwenyewe akawamiminia kahawa, kasimama, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Yule aliyemuuliza habari ya ruhusa akanywa, akasema, "Haya. Sasa utasema kwa ruhusa ya nani?"

"Ya waliosimama juani," Seif akamjibu. Kisha akamwongeza kahawa. Mzee akacheka, akaipokea.

Mie nilikuwa nimekaa mwisho kabisa, karibu na viatu, na tope la kazini kwenye kucha. Seif akaniita jina mbele yao. Akanambia ami Khamis, sogea juu. Nikakataa. Abdalla akanishika mkono akanivuta kama ananitoa shimoni, akanikalisha kati yake na mzee wa ukoo. Akawaambia, huyu ndiye aliyemfufua mama yangu, mpeni nafasi.

Basi usinambie tena nirudi kwa sababu sihesabiwi. Nikirudi nitarudi kwa kukutamani wewe na kaburi la mama. Baada ya Idi Kubwa nitakuja kukutazama, kisha nitageuka. Tope linaningoja.

Anayekuletea barua hii ana kopo la halwa na mfuko wa tende. Tende za chini ndizo nzuri, zile za juu wape wageni. Msalimie shemegi Faki, mwambie mguu asiulazimishe. Msalimie ma'mdogo Time, na yule mjukuu wako anayesoma sheria hapo Unguja, mwambie kazi hiyo ina faida kwa watu. Wasalimie majirani wa upande wa kisimani na wote wanaoniuliza.

Jana nilikwenda makaburini kwa marehemu. Nilimsomea, kisha nikamweleza yote, kwa Kiarabu, nikakosea kama kawaida. Yeye alisema kitaniponza. Nimemwambia mara hii kimetuponya.

Ni mie mdogo wako,
Khamis, mtoa tope