Kamba ya Wageni wa Krismasi

Mayu,

Mama yangu, barua huanza kwa kuulizana hali, nami sijui huko uliko mnajibuje. Sisi huku hatujambo. Nyumba yako ya Kwihara imesimama, kuku wako mweupe bado ni mwizi wa karanga, na mimi Lea, kitindamimba wako, nakuandikia siku ya pili baada ya Krismasi nikiwa nimekalia kigoda chako. Ulipokuwa hai hukuniruhusu, lakini sasa nani ataninyanyua?

Nataka nikusimulie mwenyewe, kabla hajafika huko mtu mwingine akakueleza kwa kutia chumvi.

Tangu tulipokuzika, mwishoni mwa masika, Kaka Yakobo hakuacha kunisihi nifunge nyumba, nihamie kwake mjini kwenye nyumba za reli. Alisema msichana hakai peke yake kando ya njia. Nikamuuliza, wanaokwenda kanisani mjini kwa miguu watalala wapi mkesha wa Krismasi? Akanijibu, "Wale walikuwa wageni wa Mama. Mama hayupo." Iliniuma, maana nami nilikuwa nikiliwaza hilohilo. Mwishowe tukapatana: wasipokuja mwaka huu, nitafunga. Hakukawia kununua kufuli, jipya, la shaba, akalitia mfukoni mwa koti lake.

Basi nikaandaa kama ulivyokuwa ukiandaa. Sakafu niliisiriba. Ukuta niliupaka udongo mweupe, kisha nikachovya kidole kwenye udongo mwekundu nikapiga madoa, safu tatu kuzunguka mlango. Yamekwenda upande, usicheke. Mishumaa ya nta niliitengeneza mwenyewe, na nta niliichuja mara tatu. Sijasahau mwaka ule ulipoichuja mara moja kwa haraka, ikabaki na asali, asubuhi nyuki wakaingia kusali pamoja nasi na mzee wa kanisa akaimalizia sala yake barabarani. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mahubiri ya siku ile siyakumbuki hata neno, ila kicheko chako bado nakisikia.

Kisha nikafunga kamba yako ya katani kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya mikeka. Tupu, kama sheria yako ilivyotaka. Wewe mti wa Krismasi hukuupa nafasi katika chumba hiki kidogo. Ulikuwa ukisema, "Mti utasimama mahali pa mtu kulala." Kila aliyelala kwako alitundika kitu chake kimoja kwenye kamba: unyoya wa kanga wa porini, ganda la mninga, kifungo, chochote alichotoka nacho kwao. Hilo ndilo lilikuwa pambo letu, na lilitutosha.

Siku ya mkesha mvua ilianza asubuhi. Alasiri Kaka akaja amelowa chapachapa, begani kilele cha mvinje alichokatiwa kwenye bustani ya bwana mkubwa wake wa reli. Nyumbani kwa yule bwana aliuona mti wa namna hiyo umevikwa pamba na karatasi za kung'aa. Akausimika kwenye debe la mchanga katikati ya chumba, ukafika hadi kwenye boriti. Alisema kamba tupu inatia huzuni, heri tuwe na kitu cha kutazama. Alikuwa akinifariji, najua, ndiyo maana sikumgombeza. Lakini mti wake ulikalia mikeka minne.

Tukakaa. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita, hakuna mtu. Kaka akatia mkono mfukoni na nikasikia kufuli likigongana na ufunguo wake. Mayu, sikufichi: hapo nilikukasirikia. Nilikukasirikia kwa kufa, na kwa kuniachia nyumba ambayo watu walikuwa wakiifuata kwa sababu yako. Nilijiona mjinga mwenye udongo kwenye kucha.

Ndipo nikasikia kikohozi cha Bibi Nyamizi, mgeni wako wa kila mwaka. Unakijua, kinamtangulia kama mbwa wa mwindaji. Nyuma yake walikuwa watu kumi na mmoja, matope hadi magotini. Mbuga ilikuwa imejaa maji, wakaizunguka yote, na hicho ndicho kilichowachelewesha. Niliwaamkia wazee shikamoo moja moja. Bibi akaitika marahaba, akachungulia ndani, akamgeukia Kaka.

"Yakobo mwanangu, huyu mgeni wako mrefu atalala wapi?"

Kaka alilikumbatia debe na mti wake, akautoa mwenyewe hadi barazani. Wageni wakautundikia makoti yao yaliyolowa, na nikiri kwamba kwa kazi hiyo ulifaa sana.

Bibi Nyamizi akafungua pindo la nguo yake, akatoa mbegu mbili nyekundu zilizofungwa uzi. Moja yake, na moja alisema ni ya mwenye nyumba aliyetangulia. Nililia mbele yao wote, Mayu, na sikujifuta. Wengine wakafuata na vyao, tukawasha mishumaa, tukaimba, na hakuna nyuki aliyekuja.

Asubuhi wageni walipotangulia kwenda kanisani, nilirudi ndani kuchukua kitambaa changu cha kichwa. Nikamkuta Kaka amenyoosha mikono kwenye kamba, amenipa mgongo. Yeye naye alikuwa amelala hapa, kwa hiyo sheria ilimhusu. Nilisubiri nje mpaka alipotoka.

Kati ya unyoya na mbegu yako lilikuwa linaning'inia kufuli. Amelifunga kwenye kamba yenyewe, na ufunguo ameondoka nao mjini.

Kwa uzito wake kamba imelegea. Nakuahidi mwakani nitaikaza, madoa yatanyooka, na mikeka itakuwa mingi zaidi. Pumzika sasa, mama yangu. Usiwe na wasiwasi na nyumba. Nikitoka, mlango naurudishia tu.

Mwanao,
Lea