Mtindi wa Zuhura

Jumapili, 3 Septemba

Nimebadilisha maranda ya banda. Vifaranga wamechangamka. Dawa ya njano nimeitia kwenye maji kama kila siku, tangu Hamadi aliposhusha boksi la vifaranga pale bandarini Mkoani. Boksi moja, nusu kwangu, nusu kwa Zuhura. Kwa kugawa sawa mume wangu hana mfano. Doti ya kanga kwangu, doti kwake.

Zuhura ni mke mdogo. Mwaka wa pili huu. Sijamzoea, na sitaki kumzoea.

Leo kaniletea bakuli la mtindi. Eti nitie kidogo kwenye maji ya vifaranga, matumbo yao yatatulia. Nimeumwaga nyuma ya choo na bakuli nimelirudisha tupu. Chombo cha mtu hakirudishwi tupu, hilo nalijua toka utotoni. Nilitaka ajue.

Jumamosi, 9 Septemba

Harusi ya Raya imepangwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Nimemwambia Hamadi kuku wa biriani watatoka bandani kwangu. Kasema tutaona wa nani watakuwa wamejaa. Tutaona nini? Bibi harusi nimemzaa mimi!

Jumapili, 17 Septemba

Nimepita kwa Zuhura kama naenda kisimani, nikachungulia. Banda halinuki. Kuku weupe, vifua vimetuna. Wangu wakikosa dawa siku moja tu wanaharisha. Vifaranga wa boksi moja! Nimechukia mpaka chai haikupita.

Na si kwamba anajua lolote. Duka la dawa la Konde ni la mtu wa chama kile, na kwao Zuhura hawanunui kwake hata kiberiti toka siasa za vyama vingi zianze. Mama yake alikuwa akiwapa kuku maji ya mtindi, naye anawapa. Ng'ombe anaye. Mimi dawa nanunua kwa yeyote.

Jumatatu, 25 Septemba

Zamu yangu. Hamadi kala muhogo wangu wa nazi huku anasifu kuku wa mwenzangu. Kijiko cha pili nimemtilia pilipili ya kumtoa machozi. Kala wote, na hakuacha kusifu.

Jumatatu, 2 Oktoba

Kuku wanapiga chafya. Dawa ya njano haifui dafu tena, hata nilipozidisha. Nimepanda gari kwenda Konde. Muuza duka kanipa nyingine, kali zaidi. Kaniambia mwenyewe kuwa kuku akinywa hii hachinjwi mpaka siku zipite. Nimeitikia kwa kichwa. Harusi ni Ijumaa.

Jumatano, 4 Oktoba

Chafya zimekata, alhamdulillahi. Kuku wamesimama vizuri, mtu asiyejua angewasifu.

Hamadi kamleta bwana mifugo awatazame kabla ya kuchinja. Akaniuliza dawa wamekunywa lini mara ya mwisho. Ningeweza kusema mwezi uliopita. Ulimi ulikuwa tayari. Nikamkumbuka mama mkwe, alivyovimba uso siku ile alipopigwa sindano ya dawa kama hizi, macho yakafunga kabisa. Na biriani yeye ndiye anayeanza kuonjeshwa.

Nikasema, "Asubuhi hii."

"Basi hawa hawaliki, bi mkubwa. Waache kwanza."

Hamadi kavuka ua kwenda kwa Zuhura. Bora angenigombeza.

Ijumaa, 6 Oktoba

Raya kaolewa. Kapendeza, mwanangu. Biriani ya kuku wa Zuhura.

Mama mkwe kaguguna mfupa mbele za watu. "Kuku hawa kawafuga nani? Watamu hawa!"

Wote wakamgeukia Zuhura. Naye kasema, "Wetu sote, mama. Boksi moja."

Nimemwonea wivu hata kwa hilo. Kwa nini hakujisifu, nikapata pa kumchukia? Nimejifungia chooni nikalia. Wanawake wakanibembeleza toka nje ya mlango, wakidhani namlilia Raya. Nimewaacha wadhani.

Alhamisi, 12 Oktoba

Jana Hamadi kashusha boksi jipya. Nusu kwangu, nusu kwake.

Kopo la dawa ya njano lipo rafuni. Sikulifungua. Nimechukua bakuli langu, nikatia visheti vilivyobaki harusini, nikaenda mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Kanikaribisha, sikukaa. Kapokea kwa mikono miwili, akaniamkia. Nimeitikia marahaba na kuondoka. Wivu haujaniisha. Nimeuona mkeka wake mpya, nikataka kujua wangu uko wapi.

Bakuli limerudi adhuhuri. Mtindi mpaka ukingoni.

Nimewatilia vifaranga kwenye maji. Uliobaki nimeunywa, nimekaa kizingitini. Haukuzidi chachu.