Kaburi la Sinema Shambani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimechuma chai mpaka mvua ikanifukuza. Kurudi, nakuta vijana wanachimba chini ya migomba yangu. Makaburi! Eti wanapiga sinema. Askari waliokufa vita vya Mwingereza na Mjerumani wanafufuka, wanakula watu. Nani kawaruhusu? Shemeji Nyakundi. Yeye ni nani kwa shamba la marehemu mume wangu? Nimekasirika hadi ugali ukaniungulia.

Jumanne, 4 Machi
Damu yao ni matunda damu yaliyopondwa. Wafu wamepakwa unga wa ngano. Hata kuku wangu hawakushtuka. Shemeji naye anaigiza, mkubwa wa wafu. Ananichekea mno. "Usijali, shemeji, ni mchezo tu." Tangu mume wangu Ombati afe hajawahi kunichekea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 7 Machi
Vijana wamefukia mashimo, wamerudi Nairobi. Misalaba wamebeba yote ila mmoja. Shemeji ameujengea saruji. Saruji! Kwa mchezo?
Huku kaburi ni hati. Mzee wenu akilala mahali, pale ni penu. Na mimi ni mtu wa ziwani, niliyeolewa tu hapa, sina mtoto. Anataka shamba.

Jumapili, 9 Machi
Nimemweleza mke wa pasta. Akasema ni machungu ya ujane, niombe. Niombe nini na saruji inakauka? Nimelia jikoni.

Jumatano, 2 Aprili
Ameanza. Amemwambia chifu babu yao kalala pale. Nikasema ni kaburi la sinema. Akasema ya sinema yalifukiwa, hili lilikuwapo tangu zamani. Muongo mkubwa! Chifu atakuja Jumatatu na wazee. Naogopa.

Jumamosi, 5 Aprili
Sinema imeonyeshwa Kebirigo, ukumbi wa kanisa. Nilienda shingo upande. Chifu kakaa mbele, wazee nyuma yake.
Kumbe! Kwenye picha ni shimo lile lile alilojengea saruji, mgomba wangu uliopinda kando yake. Jeneza hakuna, mfupa hakuna, udongo mwekundu tu. Shemeji akaingia, akafunikwa, akatoka akinguruma, unga usoni. Watu wakapiga mbinja. Naye akasimama ukumbini kuwapungia mkono, amevimba kichwa.
Chifu hakucheka.
"Nyakundi, sasa babu alikuwa amelala wapi?"
Mkono wa shemeji ukashuka. Mimi nikacheka peke yangu, kwa sauti, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 7 Aprili
Hakuna aliyekuja. Nimevunja saruji kwa nyundo, nikapanda viazi vitamu. Shemeji alipita njiani, akanisalimia kwa adabu. Nikaitikia. Jioni mvua imenyesha kidogo, ya kutosha.