Kwa Baba Yetu, Fundi wa Makochi, Aliyetuachia Pazia

Baba, koti lako jeusi tulilipiga brashi mpaka likang'aa, na bado kitindamimba wako alipoinama kukuaga, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa unywele mrefu mweupe umelala begani. Mama naye akauona. "Hata leo?" akanong'ona. Hakuna aliyeuondoa. Mwaka umezunguka tangu siku ile, nasi tunakuandikia huku tukitoa manyoya ya mbwa wako kwenye chai.

Wenzetu huachiwa nyumba, wengine shamba. Sisi ulituachia Pazia. Mteja aliyekuwa akihama alikuomba ukae na mbwa wake wiki moja, nawe hukujua kumwambia mtu hapana. Wiki ikazaa miaka. Ukampa jina hilo kwa sababu manyoya yalimwangukia usoni, macho yake tukawa tunayasikia tu kwa watu.

Ulikuwa fundi ambaye watu walistarehe juu ya kazi yake bila kumjua. Hukuweza kuona kiti kinayumba ukapita. Bibi jirani mwenye mgongo mbovu ulimtengenezea kiti, ukakikalia mwenyewe jioni nzima eti unakijaribu, ukasinzia hapo hapo, na mwenye mgongo akabaki amesimama.

Kichwani hukuwa na hata unywele mmoja, lakini mfuko wa shati haukukosa chanuo.

"Fundi, hilo la nini tena?" wateja walikuuliza.

"La mwanangu wa tatu."

"Mwanao?" Mama alidakia. "Sema mke mwenzangu!"

Kazi ikiisha ulimpandisha Pazia juu ya meza ya kukatia vitambaa, pale pale tulipokuwa tumemaliza kupasafisha. Ulitenga manyoya safu kwa safu, ukayashika mashina kwa vidole ili ngozi isivutwe, ukaanza kuchana nchani, ukipanda taratibu. Nyuma ya masikio, kwapani, chini ya ukanda wa shingo: huko, ulisema, ndiko mafundo yanakozaliwa. "Kavu kwanza, maji baadaye," ulimfundisha kitindamimba wako, aliyekuwa akishona foronya za mito pembeni yako. "Na asije akanyolewa. Manyoya ndiyo mwavuli wake." Yaliyotoka kwenye chanuo uliyajaza kwenye mto. Mto huo tunao. Mvua ikinyesha, hakuna anayetaka kuukalia.

Yote hayo ulitufundisha. Lile kubwa ukaenda nalo.

Siku za msiba nyumba ilijaa watu. Kila aliyeingia alisema, "Poleni sana," na kila iliposemwa, Pazia aliingia mvunguni. Watu wakashika vinywa. "Jamani, hata mbwa anaomboleza!" Yule mshona viatu wa jirani alimlilia mbwa kuliko alivyokulilia wewe. Nasi tukaamini. Tukasema asiguswe, ana majonzi. Majonzi yakaota mafundo kutoka masikioni mpaka vidoleni.

Kisha mwanao mkubwa, kwa nia njema kabisa, akammwagia ndoo ya maji na sabuni kabla ya kumchana. Mafundo yakakaza, mbwa akawa kama zulia lililokanyagwa na harusi nzima.

"Basi," akasema kaka. "Anajikuna mpaka damu, haoni mbele. Mwaka wa Baba ukifika hajachanika, naazima mashine kwa kinyozi, anyolewe afanane na Baba."

"Marehemu alikataza," Mama akasema.

"Marehemu hajikuni."

Hapo kitindamimba wako akachukua chanuo. Kila alipomkalisha Pazia mezani, kama mtoto yeyote aliyelelewa, alianza kwa kumwomba radhi: "Pole, Pazia, pole..." Kabla hajamaliza, mbwa alikuwa hayupo. Mara mvunguni, mara nyuma ya masponji, mara dirishani, akatua juu ya kochi la mteja lililokuwa likisubiri kuchukuliwa. Alimshawishi kwa maneno matamu, na kadiri maneno yalivyozidi utamu, ndivyo mbwa alivyozidi mbio.

Mpaka asubuhi moja Mama alipojikwaa kwenye kizingiti cha jikoni.

"Pole, Mama," kitindamimba wako akasema.

Pazia alikuwa kwenye sahani yake. Akaiacha nyama, akatokomea mvunguni. Binti yako huyo akasimama akitazama. Akamwita, akamrudisha kwenye nyama, kisha akasema tena, kwa sauti ya mtu anayejaribu waya wa umeme: "Pole." Mvunguni.

Mama akakaa chini kwa kishindo. "Baba yako huyo! Alikuwa anavuta fundo kwanza, mbwa akishalia ndipo anamwambia pole. Kwa Pazia, pole ni kuchanwa kwapa!"

Baba, jamani. Msiba mzima mbwa hakuwa akikulilia. Alikuwa akikukimbia.

Unajua kazi ya kuishi bila neno pole? Jaribu huko uliko. Mtu akikohoa, akibeba ndoo, akirudi kazini, ulimi unateleza wenyewe. Kaka akabuni dawa. Mama alipojichoma na sufuria, akamwambia, "Hongera, Mama." Mwiko ukamkosa kidogo. Baadaye hata Mama akazoea. Mgeni aliyekuja na mkono wenye bandeji tulimpongeza sote kwa pamoja, naye akaaga kabla ya chai.

Lakini ilisaidia. Kitindamimba wako alimchana Pazia kimya. Alinyunyizia fundo unga laini kidogo, akalifumua kwa vidole, unywele kwa unywele, kabla chanuo halijaligusa. Lililokaidi kuliko yote lilikuwa nyuma ya sikio la kushoto. Siku alipolimaliza, kaka aliingia na mashine ya kinyozi mkononi, akakuta mezani kuna mbwa mweupe mwenye macho mawili.

"Huyu ni nani?" akauliza. Mashine akairudisha siku ile ile, akidai hata hivyo ilikuwa butu.

Sasa, mtu akichana kimya, huwaza. Kitindamimba wako aliwaza juu ya huo utaratibu wako wa kuvuta kwanza na kusema pole baadaye. Pazia aliipata pole yake, japo ilichelewa. Yeye, binti yako, ulimtoa shule akiwa darasa la sita kwa sababu foronya zilikuwa nyingi na mkono wake mwepesi, nawe ukamsifia mshono, ukadhani umeshamaliza maneno. Alitabasamu kwa aibu, akainamia cherehani. Ulimpenda, hilo halina ubishi. Ndiyo maana hakuna aliyepata pa kuanzia kukulaumu.

Tunaokukumbuka ni mkeo, ambaye bado anakugombeza kila anaposhika ufagio, mwanao mkubwa, anayekagua miguu ya viti vya watu kama wewe na kukana kwamba anafanya hivyo, kitindamimba wako, na Pazia, ambaye sasa anatuona vizuri na hajapendezwa sana. Tutakukumbuka siku zote, tupende tusipende.

Na neno ambalo kitindamimba wako hakuwahi kulitamka mbele yako, leo analitamka: Baba, nilitaka kumaliza shule.