Mkia wa Arobaini na Nane

Alhamisi, Julai 1956. Keringet. Ukungu tangu alfajiri. Milingoti ya goli haikuonekana mpaka saa tano.

Mshipi wa mama yake Chepkoech umepotea. Umepotea kati ya Jumanne saa tisa na robo alasiri, nilipofunga stoo, na Jumatano saa moja na nusu asubuhi, nilipoifungua. Niliacha mikia arobaini na nane ndani. Nilikuta arobaini na saba.

Stoo ina funguo mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili anao Mwalimu Mkuu.

Hesabu hiyo haihitaji ubao.

Mikia ni jina walilotoa watoto, mimi niliita vitambaa. Mchezo ni ule wa mpira wa umbo la yai wanaoucheza Wazungu Nakuru. Niliuona nikiwa mchota maji kwenye klabu yao, miaka ile niliyokuwa najisomesha bila baba wala mjomba wa kunishika mkono. Muhula uliopita tuliucheza hapa kwa kuangushana, mtoto akavunjika mfupa wa bega, wazazi wakatoa watoto tisa shuleni. Basi nikakaa nikafikiri. Hakuna kugusana. Kila mtoto anachomeka mikia miwili kiunoni, mmoja kila upande. Ukinyofolewa mkia umekufa: simama, rusha mpira nyuma, mchezo uendelee. Watoto kumi na wawili kila upande. Saba kati ya wale tisa walirudi wenyewe, wakikimbia.

Vitambaa shule haina. Niliwaambia walete kutoka nyumbani: tambara, kamba, mshipi, chochote kirefu kama mkono.

Nilisema mshipi. Ni mdomo wangu uliosema.

Jumanne Chepkoech alikuwa na mpira. Ana miaka kumi na hakuna mvulana wa kumfikia. Alipita kando ya shamba la pareto, Kiprono akanyoosha mkono, akanyofoa. Halafu akatazama alichoshika, akakiachia kama kaa la moto.

Upande wa pili walikuwa wanapiga kelele: "Umekufa! Chepkoech umekufa, toa mpira!" Lakini watoto wa Kikipsigis wote walisimama. Hakuna aliyecheka. Nikapuliza filimbi nikasema okoteni huo mkia, muda unakwenda. Hakuna aliyeinama. Nikadhani wananifanyia mzaha, kwa vile mimi ni mtu wa Kakamega na huwa wananipima pima.

Nikauokota mwenyewe. Ngozi pana, laini kwa uzee, yenye safu tatu za simbi, zile kauri ndogo za baharini. Niliona ni kitu kizuri. Zaidi ya hapo sikuona kitu.

Chepkoech alinifuata mpaka mlango wa stoo. Aliniomba aurudishe nyumbani siku ileile. Nikamwambia kanuni ni kanuni, vifaa vya mchezo haviondoki mpaka Ijumaa, vinginevyo vitapotea.

Ndiyo. Nimeyaandika hayo maneno na nimeyasoma mara mbili.

Jana asubuhi mama yake alikuja. Mjamzito, mimba imeshashuka, ametembea kutoka kambi ya wafanyakazi huku mkono mmoja umeshika mgongo. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, mimi sikuja kugombana. Nipe tu niende."

Ndipo nilipoelezwa, mtu mzima mimi, jambo ambalo kila mtoto uwanjani alilijua. Wenyewe wanauita leketiet. Mwanamke hujifunga akiwa na mimba na baada ya kuzaa, na si kitu cha kuchezewa na mtu yeyote. Huo alifungwa na mama yake mzazi, ambaye sasa ni marehemu. Amezaa wanne nao. Chepkoech aliuchukua chini ya kitanda kwa kuwa nyumbani hapakuwa na tambara lisilovaliwa, na alitaka sana kucheza.

Nilimwambia umepotea, na kwamba nitatafuta fundi wa ngozi amshonee mwingine, mpya. Alinitazama, akacheka kidogo kwa puani.

"Kwani wewe ndiye uliyenizaa?"

 

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Yeye ni Mkipsigis, mlokole wa siku nyingi, na mama yake mwenyewe lazima alijifunga kitu kama hicho alipombeba. Nilimuuliza kama ameuona.

"Bwana Mwalimu, hii ni shule ya misheni. Vitu vya giza havikai stoo."

"Kwa hiyo umeutoa wewe?"

"Wewe ndiye uliyeuleta uwanjani. Mbele ya watoto."

"Mwalimu Mkuu, nauliza kama umeutoa."

"Tuombe juu ya jambo hili, ndugu yangu."

Akafumba macho pale pale. Ningefanya nini? Nilifumba yangu. Nimemuuliza mara tatu, nimepata majibu matatu, na hakuna hata moja lenye ndiyo au hapana.

Jana jioni alichoma takataka nyuma ya ofisi. Leo saa kumi na mbili asubuhi nimepekua majivu kwa fimbo: vifungo viwili, kopo, misumari. Simbi hakuna hata moja, na simbi haziteketei zote kwenye moto wa karatasi. Basi huenda mshipi upo. Lakini siwezi kuingia nyumbani kwa mtu nikafungua masanduku yake. Siwezi kumwambia yule mama "anao fulani" wakati ushahidi wangu ni ufunguo tu. Na ripoti yangu ya mwaka anaiandika yeye.

Kipindi cha mchezo leo kimekuwa aibu. Nilitoa mikia arobaini na saba, hakuna aliyechomeka hata mmoja. Wamekaa kwenye mteremko, mpira umelala katikati. Mmoja akasema, akijua nasikia: "Mwalimu naye amekufa. Arushe mpira nyuma." Wakacheka. Ningekuwa wao ningecheka pia.

Chepkoech hakuja shuleni. Saa tisa mwanamke mmoja wa kambini alipita na mtungi, akaniambia bila kusimama kwamba mama yake ameanza kushikwa na uchungu unaokuja na kuachia, wakunga wanasema kesho, ikichelewa Jumamosi. Anauliza mshipi kila mtu anapoingia mlangoni.

Nimezoea tatizo ambalo nikilikalia linafunguka. Hili nimelikalia siku mbili. Sina cha kutoa, cha kubuni, wala cha kuhesabu upya.

Nimebakiwa na swali, na nimeliandika hapa nisije nikalilainisha nikifika mbele yake.

Mwalimu Mkuu, kesho saa moja na nusu nitakuwa mlangoni kwako. Sitafumba macho. Mwanamke anazaa. Umeuchoma, umeutupa, au uko ndani ya nyumba yako? Nijibu neno moja, kabla kengele ya saa mbili haijalia.