Theluji ya Harusi Yako

Himeji, Novemba

Mdogo wangu Kinuyo,

Natumaini barua hii itakukuta miguu imetulia kidogo, na figili zako umekwisha kuzitundika juu ya moshi kama alivyokuwa akifanya mama. Mimi bado napumua, ingawa kwa mrija puani. Daktari hanifichi tena kitu. Naandika mistari miwili, napumzika, naendelea, kwa hiyo univumilie mwandiko.

Juzi mwanao Masanori alinipigia simu. Alisema makao ya wazee yamepata nafasi, na kwamba utahamia mwaka mpya ukishapita. Alizungumza kwa upole, simlaumu. Kusahau sufuria motoni, alisema, kungevumilika. Kinachomtisha ni mama yake kung'ang'ania mambo ambayo hayakutokea. Nilijua anazungumzia theluji ya harusi yako.

Unakumbuka siku za Bon, za kuwakumbuka marehemu, tulipotoka kufagia kaburi la wazazi. Nilikuwa nimekuletea ile deki ya video niliyopewa kiwandani nilipostaafu, na Masanori akaweka diski aliyotengenezewa kutoka kwenye filamu ya zamani ya harusi yako. Mkweo Sachie alishangaa jinsi picha ilivyotakata. Alisema nyuzi za vazi lako jeupe zinahesabika. Wewe peke yako ukauliza theluji iko wapi. Ukasema asubuhi ile ya Aprili ilianguka nzito, ikiyeyuka mara inapogusa ardhi, na mama alilia kwamba utalowa kabla hujafika kwa mumeo.

Masanori akakwambia ule mwavuli mwekundu aliokushikia mama ni desturi ya bibi harusi tu. "Mama, angalia mwenyewe, hewa safi kabisa. Mashine ya mjomba haidanganyi." Kisha nikaonekana mimi, kijana, nikipitisha mkono begani pako mara kwa mara. Sachie akauliza kama mjomba alikuwa akifukuza nzi. Wote walicheka. Nami nilicheka, Kinuyo. Wewe hukucheka.

Mwezi uliopita uliniambia kwenye simu: "Kaka, labda kweli akili imeniruka. Siku hizi hata nikifumba macho siioni theluji ile." Tangu hapo sijalala vizuri.

Sikiliza. Filamu za zamani zina vumbi na mikwaruzo, na kazi yangu kiwandani ilikuwa kuifundisha deki kuviondoa. Chochote cheupe na kidogo kinachoonekana kwenye picha moja na kutoweka kwenye inayofuata, tulikiita uchafu, na mashine ikakifuta. Tulijaribu kwa filamu za vyumbani, za bustanini, za ufukweni. Mimi, mtoto wa Akita, niliyekula theluji kwa mikono, sikuikumbuka theluji hata siku moja.

Nilipouona mkono wangu begani pako nilielewa papo hapo. Nilikuwa nikikupangusa theluji. Nilinyamaza kwa sababu kijana wako alikuwa amekwisha kuisifu mashine yangu mbele ya watu, na nilitaka jioni hiyo moja ya kusifiwa. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nilipanda treni.

Leo nimemwambia Masanori yote kwa simu. Aliomba nirudie hatua za rimoti polepole. Atakuja Jumapili. Mwache abonyeze mwenyewe: sehemu ya mipangilio, ubora wa picha, kusafisha picha, zima. Picha itachafuka, itakuwa na chembe na michirizi. Usijali. Katikati ya uchafu huo utamwona mama, na theluji ikianguka juu ya mwavuli wake.

Ilianguka, Kinuyo. Nilikuwepo, vidole viliniuma kwa baridi.

Nisalimie Masanori na Sachie, na uwawashie wazazi ubani kwa niaba yangu, maana sitafika tena huko. Ukishaitazama, usinijibu kwa barua, huenda isinikute. Nipigie Jumapili hiyo hiyo, uniambie tu kama theluji ni nzito kama ulivyosema.

Ni mimi kaka yako,
Tokujiro