Nilifunga Bila Kufunga

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanao, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za kazini. Sisi huku hatujambo. Mama mzima, anakula, anagomba, na leo asubuhi amenifokea kwa kuacha viatu mlangoni. Kwa hiyo usishtuke ukiyasoma yanayofuata.

Utashangaa mimi kuandika barua. Kwenye simu ningekudanganya tena. Mdomo wangu una mbio, unaujua.

Ijumaa uliponipigia kuuliza mbona humwoni mama kwenye kamera, nilikujibu umeme unasumbua. Umeme hauna kosa lolote. Kamera niliichomoa mimi mwenyewe, kwa aibu.

Unakumbuka siku nilipoiweka pale juu ya kabati la vyombo, ili uwe unamwona mama akinywa chai? Uliniuliza, "Umeifunga vizuri?" Nikajibu, "Nimefunga dada, mimi si fundi?" Ulikuwa unauliza habari ya nenosiri, nami nilijua. Lakini kwetu mafundi kufunga ni skrubu na waya, nikajificha nyuma ya neno hilo. Kamera ilibaki na nenosiri la kiwandani, moja mbili tatu nne, lile lililoandikwa kwenye boksi. Wala si ya mama peke yake. Zote nilizofunga mtaani, thelathini na saba, niliziacha hivyo hivyo, maana mteja akisahau nenosiri ananisumbua. Ni uvivu, dada, sina jina jingine la kuupa.

Jumanne nilimpeleka mama hospitali kuchukua majibu ya damu, yale ya kujua kama apunguze dawa ya sukari. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Kompyuta zimekwama, majibu hayafunguki. Wakatuambia kuna watu wanaishambulia hospitali kupitia mtandao. Basi nikasimama katikati ya wagonjwa nikawalaani hao watu, wao na vizazi vyao. Mama akanivuta shati. "Kaa chini, hawakusikii."

Tukarudi mikono mitupu, naye akaendelea na dozi ileile. Jumatano asubuhi nilimkuta ameshika ukingo wa sinki, jasho linamtiririka, ananiita kwa jina la marehemu baba. Sukari ilikuwa imemshuka; nilimnywesha chai tamu sana hadi akarudiwa na fahamu zake. Niliogopa, dada, kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mchana wake intaneti ya nyumbani ikakatwa. Nikaenda ofisi ya kampuni ya intaneti kugomba. Mama mmoja wa kaunta aliniacha nimalize, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta yake. Tangu Jumatatu nyumba yetu ilikuwa ikiipigia hospitali hodi maelfu ya mara kwa dakika. Akaniuliza, kwa upole tu, "Mna kamera humo ndani?"

Alinieleza kwamba kuna kirusi kinachozunguka mtandaoni kikijaribu manenosiri ya kiwandani kwenye kila kifaa. Kikiingia, kamera inaendelea kuonyesha picha kama kawaida, huku inatumwa kazi na mtu usiyemjua, yenyewe na maelfu ya wenzake. Wote wakigonga kwa pamoja, kompyuta ya hospitali inashindwa kuitikia. Kwa hiyo wewe ulikuwa unamwona mama akinywa chai, na kamera ileile inamzibia majibu yake. Na wale niliowalaani pale kwenye benchi, mmojawapo ni mimi.

Majibu yalitoka Alhamisi. Alipaswa kumeza nusu ya dozi ile, na sasa anameza nusu.

Tangu hapo napita nyumba hadi nyumba kubadilisha manenosiri. Nimefika ishirini na mbili. Kwa mteja wa kwanza nilijaribu kusema ni ukaguzi wa kawaida, ulimi ukagoma. Sasa nasema nilikosea. Mwenye duka la dawa aliniambia, "Kumbe ulinifungia mlango, ufunguo ukauacha kwenye kitasa."

Mama nilimwambia jana. Alimaliza kwanza kuchambua maharage yake. Kisha akasema, "Rudisha kamera. Nenosiri nitaweka mimi." Nikamwonyesha pa kuandika, akaniambia nitoke nje.

Nisamehe, dada, kwa uongo wa kwanza na wa pili. Nisalimie shemeji na wapwa zangu wawili, na umwambie yule mdogo mchoro wake bado uko ukutani. Mungu awafunike kila mtokapo na kila mrudipo.

Intaneti imerudishwa na kamera inawaka tena. Ila nenosiri silijui, na mama amesema hatanitajia. Mpigie yeye.

Mdogo wako akupendaye, hata usipomwamini kwa sasa,

Kitinda